Mguu Uliotangulia

Desemba 4

Sauti moja imenifuata mpaka chumbani kwangu: kandambili za Mama Bakoly, muuguzi mwenzangu wa wodi. Pa, pa, pa, kisha kimya. Amesimama kitanda cha kwanza. Pa, pa, kimya tena. Kitanda cha pili. Wodi ya wanawake ina vitanda kumi na viwili, na asubuhi ya leo nilikaa mezani na chati zangu nikihesabu vituo vyake, kama mtu aliyelala chini ya paa linalovuja anavyongoja tone linalofuata. Mimi nilimaliza kugawa dawa kwa dakika ishirini na tano. Yeye, kwa saa moja na nusu, alikuwa bado hajafika kitanda cha nane.

Leo ni siku yangu ya tatu hapa. Nilimaliza chuo cha uuguzi Antananarivo nikiwa wa pili katika darasa letu, na nimepangiwa huku kusini, nchi ya Wabetsileo. Barua ya kuomba kurudishwa jijini niliiandika kabla sijafungua begi. Majibu hutoka mwishoni mwa Machi.

Desemba 9

Mvua. Kitanda cha saba kimesogezwa katikati ya wodi ili kisiloe.

Desemba 17

Mvua mchana kutwa. Watu wanapandikiza mpunga, na wagonjwa wawili wametoroka kwenda mashambani, mmoja akiwa bado na sindano ya dripu mkononi. Nilimwambia Mama Bakoly kwamba huo ni ujinga. Akasema hao ni watu wenye mashamba. Baada ya hapo tulinyamaza wote wawili, yeye kwa raha zaidi kuliko mimi.

Desemba 25

Zamu. Vitumbua vya mchele na kahawa. Nilimkumbuka mama.

Januari 6

Leo wameleta bibi mmoja kwenye kiti cha mbao, amebebwa na wanaume wanne tangu alfajiri. Bibi Raketaka, miaka sabini na moja, kisukari. Jina lake maana yake ni kasichana, na kweli kwenye mizani ametoa kilo thelathini na nane. Vidole viwili vya mguu wa kushoto vimekuwa vyeusi na weusi unapanda. Binti yake, Vololona, amekuja na sufuria, mkeka, na mchele nusu gunia. Ndiye atakayempikia na kulala chini ya kitanda chake.

Daktari Hery aliukagua mguu kwa makini, maana ni daktari mzuri, kisha akasema akiwa amesimama kwamba lazima ukatwe chini ya goti, tena wiki hii, la sivyo sumu itaingia kwenye damu na atakufa. Bibi alimuuliza kama amekula. Daktari akasema ndiyo, amekula. Bibi akasema vema. Daktari akaenda kitanda kinachofuata.

Januari 8

Nimemweleza. Nilichora mishipa ya damu nyuma ya chati, nikaonyesha ilipoziba. Alitazama muda mrefu, akaniuliza kama ule ni mto. Nikasema ni mshipa. Akasema ameona, unakauka kama mfereji wa shamba la chini mwenye shamba la juu akiuziba. Alielewa kila kitu. Kisha akasema bado anafikiri.

Januari 9

Nimeeleza tena. Bado anafikiri.

Januari 10

Tena. Ameniomba nisichoke, kwa sababu anapenda sauti yangu. Joto 37.9.

Januari 12

Nina hasira na nitaiandika humu ili nilale.

Saa nne asubuhi dripu mbili zilikuwa zimekwisha na kitanda cha tano kilikuwa kinangoja bandeji. Nikamkuta Mama Bakoly ameketi kitandani kwa Bibi Raketaka, ungo mapajani, anachagua mawe kwenye mchele pamoja na Vololona. Wanacheka. Kulikuwa na habari ndefu ya ng'ombe aliyeingia kanisani na kula kofia ya mchungaji. Nilibadilisha dripu mwenyewe, nikafunga kidonda mwenyewe, nikarudi, ng'ombe alikuwa bado yumo kanisani.

Nikaandika katika kitabu cha zamu: "Muuguzi Bakoly alichagua mchele na jamaa za mgonjwa saa za kazi, dakika arobaini." Niliandika kwa wino mweusi na mwandiko wangu wa mtihani.

Mwanamke anakufa kwa ajili ya mguu ambao tayari umekufa, na sisi tunachagua mchele.

Januari 13

Muuguzi Mkuu amemhamishia Mama Bakoly wodi ya watoto mpaka suala lake litazamwe. Alichukua kikombe chake na sweta lake. Sikujua nimtazame wapi. Yeye alinitazama usoni na kunikabidhi wagonjwa kama kawaida: kitanda cha nne hamezi vidonge mpaka vifichwe kwenye ndizi, kitanda cha tisa anaitika kwa jina la ubatizo tu, wa kumi na moja haumwi kichwa, ana mume. Alipofika kwa Bibi Raketaka alishusha sauti.

"Huyu ana swali. Hajaniambia bado. Usimuulize, mwanangu. Kaa naye tu."

Januari 14

Kitanda cha nne amekataa vidonge.

Januari 15

Nimenunua ndizi. Amemeza.

Bibi Raketaka: joto 38.4, weusi umefika kifundoni. Daktari Hery anasema ana siku tano, labda sita. Nilipokuwa napima presha, bibi aliniambia jambo kwa upole kabisa, kama mtu anayekuonyesha kwamba kifungo chako kimefunguka:

"Viatu vyako, mwanangu, vinafika vikiwa vimeshaondoka."

Nimerudi chumbani nikavivua na kuvitazama. Ni viatu vyeupe vya ngozi, zawadi ya baba siku ya mahafali. Vina visigino vidogo vigumu. Nilidhani sauti yake inawapa wagonjwa imani.

Januari 16

Nitajaribu kuiandika siku hii kama ilivyokwenda.

Saa nane mchana nilimaliza kazi zote, na zilizobaki niliziacha. Kwa mtu kama mimi hilo halikuwa rahisi. Nilikuwa nikiitazama meza ya dawa kama mama anayeacha mtoto kwa jirani. Nikaenda kwa Bibi Raketaka, nikamwomba Vololona ungo. Alinipa bila kuuliza na akaenda jikoni kuosha sufuria.

Nilichagua mchele. Mimi nimekulia mjini, mchele wetu hutoka dukani umeshachaguliwa, na bibi aliliona hilo mara moja. Alinifundisha kuutikisa ili mawe yaje upande wangu. Nikatupa mchele mwingi kuliko mawe. Akasema kwa mwendo huo nitaolewa na kuku. Nikaendelea kutikisa. Nadhani ni mara ya kwanza tangu nije hapa kukaa kando ya mgonjwa bila kuwa na sentensi tayari mdomoni.

Mvua ilianza na kuisha. Alinieleza habari za mumewe, aliyefariki miaka tisa iliyopita. Walionana mara ya kwanza kwenye sherehe ya kufungua kaburi la ukoo wao, wafu wamebebwa mabegani kwa ngoma na tarumbeta ili wakavikwe hariri mpya, naye bibi akawa anacheza kiasi kwamba yule kijana alimkanyaga shangazi yake akimwangalia. "Hakuoa uso," alisema. "Uso wangu unauona. Alioa miguu."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akatazama ungo, na sauti yake ikawa ndogo.

"Mkiukata, mnaupeleka wapi?"

Nilijua jibu. Nyuma ya jengo la upasuaji kuna tanuri la matofali. Kila kinachokatwa huchomwa humo pamoja na bandeji na sindano, kila Ijumaa. Wodi yetu inapata moshi wake upepo ukigeuka. Bibi amelala hapa Ijumaa moja tayari.

Nilimwambia ukweli. Akatikisa kichwa kukubali, kama mtu aliyekuwa akiujua na alitaka tu kuona kama nitamdanganya.

"Basi mimi naingia kaburini nusu," alisema. "Yeye ananingoja mle, na mimi namwendea nachechemea. Mguu mmoja kwa wazee, mwingine moshi. Bora niende nayo yote miwili sasa hivi."

Siku kumi. Nimemchorea mishipa siku tatu mfululizo. Hakuwahi kuwa na shaka na mishipa. Na mimi si mgeni: babu na bibi zangu wako kwenye kaburi la ukoo wetu kaskazini mwa jiji, nami nitawekwa pale pale. Ningeulizwa swali hilo barabarani ningelijibu. Ndani ya koti jeupe sikulifikiria.

Januari 17

Asubuhi nilikwenda wodi ya watoto. Mama Bakoly alikuwa amembeba mtoto mwenye surua mgongoni na mwingine kifuani. Nikaanza kuomba radhi kwa maneno niliyoyapanga usiku kucha. Alinikatiza.

"Uliandika vizuri, Miora. Muuguzi Mkuu alinisomea. Hakuna aliyewahi kuniandika kwa mwandiko mzuri vile."

Nilitaka anikaripie. Badala yake aliniuliza bibi amesemaje, na nilipomwambia kuhusu tanuri, alifumba macho. Kabla ya tanuri kujengwa, alisema, jamaa walikuwa wakichukua kilichokatwa wenyewe. Baada ya hapo hakuna aliyeambiwa kuwa anaweza kuomba.

Kutoka hapo nilikwenda kwa Muuguzi Mkuu na kuandika chini ya maneno yangu ya tarehe 12: "Mwandishi hakuelewa kazi iliyokuwa ikifanyika." Nikatia sahihi. Kisha kwa Daktari Hery. Nilitarajia kubishana. Alivua miwani.

"Hakuna sheria inayokataza," alisema. "Hakuna fomu pia. Nimekata miguu kumi na tisa hapa, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza."

Nikamwambia kwamba Bibi Raketaka alimuuliza kama amekula. Alivuta kiti, akaketi. Huku kwetu, ukiulizwa kama umekula, unaombwa ukae.

Akaniambia niiandike hiyo fomu. Masharti yake mawili: mguu ufungwe barabara, na mtu wa hospitali aende nao mpaka uzikwe.

Nilimpelekea bibi habari nikiwa karibu kukimbia. Alifurahi, akanishika mkono. Lakini hatatia sahihi bado. Kaburi si lake peke yake. Lazima mkubwa wa ukoo, Mzee Rafidy, kaka wa marehemu mumewe, atoe neno. Vololona akampigia simu. Mzee alisikiliza yote, akasema jambo kama hilo halijibiwi kwenye simu, anakuja kesho.

Joto 38.8.

Januari 18

Kimbunga kimegonga pwani na mkia wake umetufikia. Daraja la mto liko chini ya maji. Mzee Rafidy yuko ng'ambo.

Mama Bakoly amerudishwa kwetu. Pa, pa, pa, kimya. Sijawahi kufurahia sauti kama hii.

Januari 19

Daraja bado. Joto 39.1. Bibi anaongea na mumewe, kisha anazinduka na kuniomba radhi kwa kuongea na mtu mwingine mbele yangu. Daktari anasema kesho saa sita ndiyo mwisho. Nilimuuliza Mama Bakoly kama tunaweza kumshika mkono na kumsaidia kutia sahihi. Niliuliza kwa kunong'ona. Akanijibu kwa kunong'ona pia: tunaweza, na ataishi, na hatatuamini tena yeye wala kijiji chake chote. Kisha akanipa maji ya moto ya ukoko, yaliyochemshwa juu ya wali ulioshika chini ya sufuria ya Vololona. Yalinipa usingizi wa saa mbili.

Januari 20

Saa tatu na nusu asubuhi alitokea mlangoni mzee mrefu mwenye kofia ya majani, shuka begani linachuruzika maji, matope mpaka magotini. Alikuwa ametembea tangu jana adhuhuri, akazunguka bonde zima juu ya matuta ya mashamba mpaka mahali pa kuvukia. Nikadhani atasema ndiyo au hapana. Chumba cha upasuaji kilikuwa tayari.

Mzee Rafidy alivua kofia, akasimama miguuni pa kitanda, akaanza kuomba radhi. Aliomba radhi kwa ardhi na kwa walio chini yake. Aliomba radhi kwa wagonjwa wengine, mmoja mmoja kwa mpangilio wa umri, ambao aliukisia vizuri. Aliomba radhi kwa kuwa na mdomo. Daktari Hery alisimama nyuma yangu amevaa mavazi ya upasuaji, mikono nyuma. Mimi nilikuwa natazama dripu. Joto lilikuwa 39.4. Kila nilipovuta pumzi ili niseme, Mama Bakoly alinibana kiwiko.

Dakika kumi na nne. Kisha mzee akauliza nani anaisemea hospitali.

Daktari akanitazama. Mama Bakoly akaachia kiwiko changu na kunisukuma kidogo mgongoni.

Sikumbuki yote niliyoyasema. Najua nilianza kama baba yangu anavyoanza kwenye harusi, kwamba mimi ni mdogo, kwamba si mimi niliyestahili kusimama. Na najua nilisema hivi, kwa sababu Vololona alinikumbusha baadaye:

"Tunaomba radhi, kwa kuwa tulizungumza habari za mguu kabla ya kuzungumza na mwenye mguu. Sasa tunauliza, tukiwa tumechelewa. Mtupe ruhusa tuukate, na mtupe ruhusa tuulete nyumbani."

Mzee alitafakari. Akasema kaburi halifunguliwi ardhi ikiwa imelowa, wala halifunguliwi kwa ajili ya mguu. Lakini, akaendelea, anayefia mbali naye hangoji barabarani: hulazwa nje ya ukuta wa mashariki mpaka siku yake. Julai, kwenye baridi, kaburi litafunguliwa ili marehemu kaka yake avikwe upya. Mguu utangoja hapo nje, na siku hiyo utaingia kwa mlango, na ngoma. Utakuwa umetangulia kumwekea mwenyewe nafasi.

Tulidhani bibi amelala. Akafumbua macho.

"Mwambieni asianze kucheza nao kabla sijafika."

Mama Bakoly ndiye aliyeanza kucheka, akafuata mzee, akafuata kitanda cha nne. Bibi Raketaka aliandika jina lake lote kwenye fomu yangu, kwa herufi za shule ya misheni, polepole, akaomba aoneshwe kama limekaa sawa kwenye mstari. Saa tano kamili aliingia chumba cha upasuaji.

Januari 21

Anaishi. Joto 37.6. Ameomba maji ya ukoko.

Januari 22

Daraja limefunguka. Tulikwenda na gari la hospitali, mimi, Vololona na Mzee Rafidy. Mguu ulikuwa umefungwa na Mama Bakoly, nadhifu kama mtoto mchanga, na juu yake kipande cha hariri ambacho Vololona alikikata kwenye sanda ambayo mama yake ameitunza sandukuni miaka mingi. Niliubeba mapajani mwenyewe. Ulikuwa mwepesi. Niliubeba kama ninavyobeba vitu vya watu.

Gari liliishia barabarani. Nikavua viatu vya baba na kupita kwenye tuta kwa miguu mitupu. Kilima kilipofunguka mbele yetu niliuliza kama kaburi ni lile, na nikalinyooshea kidole. Mzee Rafidy alikichukua kidole changu na kukikunja, kama bibi yangu alivyonifanyia nikiwa na miaka minne. Kaburi halinyooshewi kidole. Nililijua hilo maisha yangu yote.

Walichimba kwenye upande wa mashariki. Hapakuwa na kilio. Mzee aliueleza mguu mahali ulipo na muda wa kungoja. Kisha tukala wali na majani ya muhogo nyumbani kwake, na akasema aliyeubeba kuuleta hana budi kuwepo siku ya kuuingiza. Nikacheka kwa adabu na kusema nitajitahidi.

Februari 3

Mvua. Kidonda kikavu.

Februari 11

Bibi Raketaka analalamika kwamba kidole gumba kinamwasha, kile cha kule. Nilianza kumweleza kuhusu neva. Nikaacha, nikamuuliza kinawasha vipi. Anasema ni kama nyasi mbichi. Tumekubaliana kwamba huko kumemea.

Februari 26

Magongo. Ameanguka mara mbili, ametukana mara tatu.

Machi 12

Amekwenda nyumbani. Alitoka wodini kwa magongo mwenyewe, na mlangoni alisimama, akanigeukia, akapiga gongo chini mara tatu kwa mpigo wa ngoma, na kiuno chake kikaitikia. Kitanda cha kwanza kina mgonjwa mpya, mwalimu, mwenye mapafu mabaya. Anasema hataki chochote. Nimekaa naye kidogo.

Machi 27

Uhamisho umekubaliwa. Hospitali kubwa, Antananarivo, kuanzia Mei. Mama amelia kwa furaha kwenye simu. Nimeisoma barua mara nne. Ni kila nilichokitaka Desemba, na sasa ninaitazama kama vazi zuri lililoshonwa kwa vipimo vya dada yangu.

Mama Bakoly amenipongeza. Hakusema baki. Alirudi kwa wagonjwa: pa, pa, kimya.

Machi 30

Mvua imekoma siku ya tatu sasa. Mpunga umeanza kugeuka rangi.

Asubuhi nilipitia sokoni nikanunua ungo, mpana, wa wodi, kisha nikaenda nao kwapani mpaka ofisi ya wilaya kurudisha barua. Jana jioni nilikuwa nimeshamwambia mama. Karani alinipa fomu ya kukataa uhamisho. Ina mstari mmoja tu wa sababu. Nikaandika kwamba Julai kuna kaburi litafunguliwa na nina mzigo wa kuingiza. Karani alisoma, akautazama ungo, akaniuliza kama nimekula. Nikakaa. Tulipomaliza kahawa, akapiga muhuri.